Kibano cha Kutengenezea Baiskeli Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakazi wa Lubumbashi wanaotengeneza baiskeli nyumbani, iwe ni ile moja ya familia au ni zile ambazo majirani huzileta kila Jumamosi, na ambao wamechoka kuipindua baiskeli juu ya kiti na usukani kila breki inapolegea. Kibano kinachozungumziwa ni kifaa cha kuishika baiskeli hewani wakati wa kuitengeneza, kile kinachofungwa ukutani au mezani kikabaki hapo, wala si kile chenye miguu ya kukunja. Maoni yangu nayasema mapema ili msomaji ajue ninakosimama: uchunguzwe ukuta kwanza, kisha bomba la baiskeli litakalobanwa, na kibano chenyewe kichaguliwe mwisho. Wengi huanza na kibano, wakafika nacho nyumbani, ndipo wakautazama ukuta.

Kuna haja gani ya kibano, ikiwa kupindua baiskeli hakugharimu kitu?

Kwa kuziba pancha, hakuna haja. Baiskeli iliyopinduliwa inatosha, na fundi wa kando ya barabara ameishi hivyo maisha yake yote. Haja inaanza pale unapotaka kurekebisha gia, kwa sababu kazi hiyo inadai uzungushe pedeli kwa mkono mmoja huku mwingine ukibadili gia, na macho yako yaione cheni ikiwa katika hali ileile inayokuwa nayo barabarani. Baiskeli iliyopinduliwa hukuonyesha kila kitu kichwa chini, tena waya za breki na za gia hujikunja pale zinapogusa sakafu. Zile zenye breki za mafuta zina tatizo la ziada: ukizipindua, hewa iliyomo kwenye kikopo cha mafuta inaweza kuingia katika mrija, na breki ikawa laini mkononi.

Kuna pia suala la mgongo. Anayetengeneza baiskeli mbili kwa mwezi hataliona, lakini anayetengeneza mbili kwa siku ataliona.

Nichague cha ukutani au cha mezani?

Cha ukutani, kama una ukuta unaofaa. Cha mezani kina sifa yake, kwani unaweza kuhama nacho na zana zako zinabaki karibu, lakini watu hukosea kuhusu meza. Tuchukue mfano. Baiskeli ya kilo 20 inaning'inia sentimita 40 nje ya ukingo wa meza. Meza ina uzito wa kilo 30 na upana wa sentimita 60, kwa hiyo uzito wake umekaa sentimita 30 nyuma ya ukingo huohuo. Upande wa baiskeli tunapata 20 mara 40, yaani 800. Upande wa meza tunapata 30 mara 30, yaani 900. Mizani imesimama kwa shida, na bado hujagusa kitu. Utakapoegemea spana ili kufungua pedeli iliyoshika kutu, meza itakuja pamoja na baiskeli.

Ndiyo maana meza ya kazi hii ama iwe nzito sana, kama zile zilizotengenezwa kwa mbao za reli, ama ifungwe ukutani kwa bolti. Na ukishaifunga meza ukutani, ni haki kujiuliza kwa nini hukufunga kibano moja kwa moja. Ikiwa hata hivyo meza ndiyo uliyo nayo, weka kibano kwenye pembe, juu ya mguu wa meza, na usikiweke katikati ya ubao, kwa kuwa ubao wa katikati hupinda.

Nitajuaje kama ukuta wangu utahimili?

Hili ndilo swali kubwa, na linastahili jibu refu.

Ukuta haubebi uzito wa baiskeli peke yake. Unabeba uzito uliosukumwa mbali nao kwa mkono wa kibano, na nguvu hiyo hugeuka kuwa mvuto unaojaribu kuzing'oa bolti za juu. Baiskeli ya kilo 25 ikiwa sentimita 50 kutoka ukutani, na bolti za juu zikiwa sentimita 20 juu ya zile za chini, bolti za juu zinavutwa kwa nguvu ya 25 mara 50 gawanya kwa 20, yaani karibu kilo 62. Zikikaribiana hadi sentimita 10, mvuto unakuwa kilo 125. Zikiachana hadi sentimita 50, unashuka hadi kilo 25. Ukuta ni uleule na baiskeli ni ileile. Kilichobadilika ni nafasi kati ya matundu tu. Ongeza sasa mikono ya fundi anayekandamiza spana kwa kilo 20 hivi, na utaona kwa nini bamba dogo lenye matundu mawili yaliyokaribiana halifai, hata kama chuma chake ni kinene.

Dawa ni rahisi. Funga kwanza ubao mgumu ukutani, wenye urefu wa sentimita 60, upana wa 20 na unene wa sentimita 4, kwa bolti sita zilizotawanyika, kisha funga bamba la kibano juu ya ubao huo kwa bolti zinazoupenya ubao hadi upande wa nyuma, vichwa vyake vikiwa vimezamishwa ndani ya mbao kabla ubao haujapandishwa ukutani. Ubao unausambaza mvuto juu ya matofali mengi badala ya tofali moja au mawili.

Sasa kuhusu aina ya ukuta. Nyumba nyingi za zamani katika jiji hili zimejengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyojaa, na huo ni ukuta mzuri. Toboa katikati ya tofali, usitoboe kwenye kiungo cha saruji, wala karibu na kona au fremu ya mlango. Tofali lililochomwa vibaya utalitambua kwa vumbi lake: likitoka laini kama unga na keke ikazama bila upinzani, hama. Futa vumbi lote ndani ya tundu kabla ya kuingiza shevili (plagi inayoishika bolti ukutani), kwa maana shevili iliyokaa juu ya vumbi hushika vumbi tu. Milimita 10 za kipenyo na 80 za urefu ndicho kiasi cha chini ninachokikubali.

Tofali la saruji lenye matundu ndani ni jambo lingine. Shevili ya kawaida inashika ganda jembamba la mbele, na ganda hilo hupasuka. Hapo pitisha ukuta mzima: nunua chuma chenye uzi cha milimita 10, ambacho huuzwa kwa vipande vya mita moja, kikate kwa urefu unaohitaji, kipenyeze hadi upande wa pili, na upande huo weka bamba la chuma la sentimita 10 kwa 10 chini ya nati. Haipendezi kwa macho, hasa kama upande wa pili ni sebule, na mwenye nyumba atauliza. Ni afadhali kumweleza kabla ya kutoboa.

Ukuta wa matofali mabichi usiufunge chochote. Simamisha nguzo ya bomba nene la inchi mbili ndani ya lupango (ua wa nyumba), chini ya upenu ili mvua isikupate, ukiizamisha sentimita 60 katika shimo la zege, na umalize neno.

Je, mashauri hayo yanafaa pia kwa Goma na Bukavu?

Kwa sehemu. Katika Goma nyumba nyingi ni za mbao juu ya msingi wa mawe ya lava. Mbao za kufunika ukuta hazibebi kitu. Tafuta nguzo ya wima iliyo nyuma yake, na uhakikishe inafika chini hadi msingini. Jiwe la lava lenyewe limejaa matundumatundu, kwa hiyo shevili inaweza kuishia katika uwazi; chagua jiwe zito lililofungamana, au pitisha chuma chenye uzi. Kuna pia nyufa. Mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 ulifuatwa na mitetemeko ya siku kadhaa iliyopasua kuta mjini, na Bukavu ilikuwa na tetemeko lake tarehe 3 Februari 2008. Ukuta wenye ufa unaopita kwa mshazari, hata kama umepigwa lipu na rangi juu yake, usiupe kazi mpya.

Mkono uwe na urefu gani, na kibano kikae kimo gani?

Urefu wa mkono unaamuliwa na usukani. Baiskeli ikisimama sambamba na ukuta, nusu ya usukani inauelekea ukuta. Usukani wa baiskeli ya milimani unaweza kufika sentimita 78, nusu yake ni 39, na vidole vyako navyo vinahitaji nafasi. Kwa hiyo sentimita 45 hadi 50 kutoka ukutani zinatosha kwa karibu kila baiskeli. Zaidi ya hapo unaadhibu bolti bure. Kwa upande wa urefu wa ukuta, acha mita mbili zilizo wazi na kidogo zaidi, maana baiskeli nzima ina karibu mita 1.8 na inapozungushwa huenda ikagonga rafu.

Kuhusu kimo, pima kuanzia kiwiko chako. Unataka ekseli ya pedeli, ambako kazi nyingi hufanyika, iwe karibu na kiwiko ukiwa umesimama, yaani sentimita 100 hadi 105 kwa mtu wa kimo cha wastani. Katika baiskeli kubwa za chuma, nguzo ya kiti inapobanwa iko sentimita 55 hivi juu ya ekseli hiyo. Kwa hiyo mataya ya kibano yatakuwa kati ya sentimita 155 na 160 kutoka sakafuni.

Lakini mafundi wengi wa kwetu hufanya kazi wakiwa wamekaa kwenye kigoda, na sioni sababu ya kuwabadilisha. Anayekaa ashushe kibano hadi sentimita 110 au 115. Faida yake ni kwamba hanyanyui baiskeli nzito hadi kifuani. Anaipandisha kiasi tu cha magurudumu kuacha sakafu.

Nibane sehemu gani ya baiskeli?

Nguzo ya kiti, kila inapowezekana. Ni bomba la mviringo, nene, lililotengenezwa kubeba mtu, na ukilikwaruza unaweza kulibadilisha bila kuigusa fremu. Vipenyo vyake hutofautiana: milimita 25.4, 27.2, 30.9 na 31.6 ndivyo vinavyoonekana zaidi, na baiskeli za kizamani zina vyembamba zaidi. Pima kwa kalipa kabla ya kununua kibano, kisha uhakikishe mataya yake yanafungua na kufunga zaidi ya vipimo ulivyovipata, pande zote mbili.

Tatizo la kila siku ni kiti kilichoshushwa hadi mwisho, kikagusa fremu, bila nafasi ya kubana. Funga utepe pale nguzo inapoingilia kwenye fremu ili ukumbuke kimo cha mwenyewe, legeza bolti, pandisha nguzo kwa sentimita 12 hivi, kaza tena, ndipo ubane. Usivuke alama ya mwisho iliyochorwa kwenye nguzo. Nguzo ikikataa kutoka kwa sababu ya kutu, huo ni ugonjwa mwingine wa kutibiwa kabla ya safari ya kibanoni. Usiipige nyundo huku baiskeli ikining'inia.

Fremu za chuma za baiskeli nzito zinavumilia kubanwa kwenye bomba la juu, mradi ubane kwa kiasi na usiweke waya au fimbo ya breki kati ya taya na bomba. Fremu za alumini zina mabomba mapana yanayoonekana imara, ilhali ukuta wake katikati huwa mwembamba, mara nyingine chini ya milimita moja na nusu. Kibano chenye skrubu ndefu kina nguvu ya kulibonyeza bomba hilo bila wewe kuhisi lolote mkononi. Fremu ya kaboni isibanwe kabisa, wala nguzo ya kiti ya kaboni. Kwa baiskeli hizo tafuta kipande cha nguzo ya chuma chenye kipenyo kilekile, kitie mahali pa nguzo ya mwenyewe, na ukibane hicho. Kipande kama hicho hukaa ukutani kwenye msumari na kinafaa kwa miaka mingi. Nguzo zinazopanda na kushuka kwa kitufe zibanwe sehemu ya chini isiyosogea, kwa kuwa sehemu inayong'aa ikikwaruzwa huanza kuvuja.

Mataya yafungwe kwa skrubu au kwa wenzo wa haraka?

Wenzo wa haraka unapendeza kwa anayebadilisha baiskeli baada ya baiskeli. Unaukandamiza mara moja na kazi imekwisha. Kasoro yake ni kwamba unapaswa kurekebishwa upya kila kipenyo kinapobadilika, na asiye mzoefu huacha pengo ambalo baiskeli huteleza ndani yake polepole mpaka usukani ugeukie chini. Skrubu ni ya polepole, lakini inakupa kipimo mkononi: unausikia mpira unapoanza kukazana. Kwa karakana ya nyumbani, ambako leo ni baiskeli ya mtoto na kesho ni ya babu, ningechukua skrubu.

Kinga (baiskeli) yangu ya kubebea makala (makaa) imeongezwa vyuma kila mahali. Je, itanizidia?

Baiskeli ya kawaida ya chuma ina karibu kilo 20. Ile ya kubebea makala, ikiwa na kariya nzito ya nondo, uma ulioimarishwa na stendi ya chuma, huvuka hapo kwa urahisi. Vibano vinavyouzwa huandikwa uzito vinaoweza kubeba, na vingi viko kati ya kilo 25 na 45. Kisichoandikwa chochote, chukulia kuwa ni cha baiskeli nyepesi.

Uzito wenyewe, hata hivyo, si ndio unaosumbua zaidi. Kariya nzito huvuta baiskeli nyuma, kwa hiyo baiskeli iliyobanwa kwenye nguzo ya kiti hutaka kuzunguka mpaka gurudumu la nyuma lielekee sakafu. Kichwa cha kibano kisipokuwa na meno au bolti imara ya kuzuia mzunguko, utashindana nacho mchana kutwa. Fungua kariya kabla ya kupandisha baiskeli, au weka kamba kutoka usukani hadi kwenye ndoana chini ya ukuta. Wale wanaozileta saa kumi na mbili asubuhi kutoka barabara za vijijini, makala yakiwa bado yamefungwa, waombwe kwa heshima washushe mzigo kwanza. Si mzaha, huulizwa.

Ninaweza kupiga kotapini baiskeli ikiwa kwenye kibano?

Hapana, isipokuwa umeweka tegemeo. Baiskeli nyingi za chuma za muundo wa kale zina wenzo wa pedeli uliofungwa kwa kotapini, na kuitoa kunadai nyundo. Ukipiga baiskeli ikining'inia, nusu ya pigo hupotea katika kuyumba, na nusu nyingine inasafiri kupitia fremu hadi kwenye bolti za ukuta wako. Pini nayo hupinda kichwa bila kutoka.

Chukua kipande cha bomba la chuma chenye tundu pana kuliko pini, kikate kwa urefu unaotoka sakafuni hadi chini ya wenzo, kisimamishe wima ili wenzo ukae juu ya mdomo wake na ncha ya pini ielekee ndani ya tundu. Legeza nati mpaka ilingane na mwisho wa uzi, ili iulinde, kisha piga pigo moja zito lililonyooka. Nguvu inashuka sakafuni kupitia bomba, kibano hakisikii kitu, na pini inashuka ndani ya bomba. Kwa sababu hiyohiyo kimo cha kibano kikishaamuliwa kisibadilishwe ovyo: bomba la tegemeo limekatwa kwa kimo kimoja.

Pedeli nazo zinataka nguvu, lakini ni nguvu ya kusukuma, na kibano kizuri huihimili. Kumbuka tu kwamba pedeli ya kushoto ina uzi wa kinyume. Nimeona nyenzo zilizoharibiwa na watu wenye nguvu kuliko kumbukumbu.

Ninunue kilichotengenezwa kiwandani au nimwendee fundi wa kuchomelea?

Lubumbashi ni mji wa chuma. Mafundi wa kuchomelea wako katika kila komini, mabomba na mabaki ya mabamba yanapatikana, na kazi ya mkono na bamba la ukutani iko ndani ya uwezo wao kabisa. Kinachowashinda wengi ni mataya, kwa sababu hapo panatakiwa upole pamoja na nguvu. Njia ninayoipendekeza ni ya katikati: mkono uchomelewe hapa, mataya yatengenezwe kwa mbao au yanunuliwe.

Kwa mkono unaozunguka, mabomba ya maji yana bahati nzuri. Bomba la inchi moja lina kipenyo cha nje cha milimita 33.7, la inchi moja na robo lina 42.4 kwa nje, na likiwa na ukuta wa milimita 3.2 linabaki na nafasi ya milimita 36 ndani. Kwa hiyo dogo linaingia ndani ya kubwa na kuzunguka, likiwa na ulegevu wa milimita mbili hivi. Bomba kubwa lichomelewe kwenye bamba la ukutani, na pembetatu ya chuma iwekwe chini yake, maana bila pembetatu hiyo weldi hubeba kila kitu peke yake. Kisha toboa tundu la milimita 13 upande wa juu wa bomba kubwa, chomelea nati ya milimita 12 juu ya tundu hilo, na bolti yake iwe na kishikio cha kukaza kwa mkono. Ukikaza, bomba la ndani linatulia. Ukilegeza, baiskeli inazunguka.

Ncha ya bolti italikwaruza bomba la ndani mpaka lifanye makovu na kukwama. Weka kipande kidogo cha shaba kati yao. Katika mji huu hakuna mtu atakayekosa kipande cha shaba.

Tahadhari moja kwa fundi: ikiwa bomba limepakwa zinki, lisagwe kwanza mpaka chuma cheusi kionekane mahali pa kuchomelea. Moshi wa zinki humletea mtu homa na kutetemeka usiku ule, na maziwa ambayo wengi huyategemea hayauzuii.

Mataya ya mbao yanatengenezwaje?

Tafuta mbao ngumu iliyokauka vizuri. Mulombwa unafaa sana. Kata vipande viwili vya sentimita 10 kwa 8, unene wa sentimita 5. Viweke uso kwa uso, katikati yao tia kadibodi au kipande cha mbao chembamba cha milimita 4, kisha vibane vyote kwenye jiliwa. Toboa tundu moja la milimita 32 ambalo kitovu chake kiko palepale kwenye kadibodi. Ukiondoa kadibodi, kila kipande kinabaki na nusu duara, na kati ya vipande kuna pengo. Pengo hilo ndilo linaloruhusu mataya kukaza. Mtu akitoboa bila kadibodi, mataya yanagusana kabla ya kuishika nguzo.

Lainisha kingo kwa msasa, halafu gundisha ndani ngozi ya mkanda wa zamani au mpira wa ndani wa gurudumu. Tabaka moja la mpira linatosha kwa nguzo ya milimita 27; kwa 25.4 weka mawili. Taya moja lifungwe imara kwenye bomba linalozunguka, na jingine liletwe na bolti mbili ndefu zenye nati za masikio, moja juu na moja chini ya nguzo. Bolti moja ya katikati hailingani, italivuta taya upande mmoja.

Nimepata kibano kilichotumika, kimeingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nikague nini?

Kitazame kichwa kwanza. Cha alumini iliyomiminwa kinaweza kuwa na ufa mwembamba kama unywele kwenye pembe ya ndani ya mkono wa taya. Kipake mafuta mepesi, kifute, kisha nyunyizia vumbi la chaki, na ufa utajionyesha kwa mstari wenye unyevu. Zungusha skrubu mwanzo hadi mwisho bila baiskeli: ikiwa nyepesi mahali fulani na nzito kwingine, uzi umelika. Uliza kama mipira ya mataya inapatikana peke yake, maana hiyo ndiyo inayokwisha kwanza. Kibano kisicho na mipira bado kinafaa, ikiwa mataya yana mahali pa bapa pa kugundishia ngozi.

Je, kamba mbili kwenye tawi la mwembe hazitoshi?

Zinatosha kuosha cheni na kurekebisha gia. Hazitoshi kwa lolote linalohitaji kusukuma.

Niwe na hadhari gani kuhusu watoto?

Mkono wa chuma uliotokeza ukutani kwenye kimo cha kichwa una mambo mawili. Watoto watabembea juu yake, na uzito wa mtoto anayeruka ni mkubwa kuliko wa baiskeli iliyotulia. Na watu wazima wataugonga kwa paji la uso wakati umeme umekatika. Kwa hiyo mkono uwe wa kuchomoka. Katika muundo wa mabomba mawili ulioelezwa juu, unalegeza bolti na kuvuta bomba la ndani lote pamoja na mataya, ukaliweke ndani usiku. Wezi nao wanabaki na bamba lisilowafaa.

Kinatunzwaje wakati wa mvua, na je, baiskeli inaweza kulala juu yake?

Kuanzia Novemba hadi Machi, chuma kisichopakwa rangi huota kutu ndani ya wiki chache, hata chini ya baraza. Paka grisi kwenye uzi wa skrubu na rangi kwenye weldi. Wakati wa kiangazi adui ni vumbi jekundu, ambalo likichanganyika na grisi hutafuna uzi. Futa grisi ya zamani kwa kitambaa na uweke mpya kidogo. Mipira ya mataya ioshwe kwa maji na sabuni, isioshwe kwa petroli, kwa kuwa petroli huivimbisha na kuilainisha. Bolti za ukutani zikazwe tena baada ya wiki ya kwanza ya kazi, hasa kama umetumia ubao, maana mbao husinyaa inapoendelea kukauka.

Baiskeli inaweza kulala juu yake, ikiwa imebanwa kwenye nguzo ya kiti na umeshusha kariya. Kwa mataya yaliyofunikwa mpira wa ndani, legeza kidogo hata hivyo na uiegemeze na kamba ya usukani, kwa sababu mpira uliobanwa usiku kucha hubaki na alama ya nguzo, na asubuhi hushika baiskeli nyingine vibaya.